Usisukume Bado

Saa tatu kasorobo asubuhi umeme ulikatika katika jengo la Wizara ya Utambulisho wa Taifa, na kikao cha Kamati ya Wimbo wa Kizazi kikafunguliwa. Mambo haya mawili hayakuhusiana. Kikao kilikuwa kimepangwa kuanza saa mbili, na umeme ulikuwa umepangwa kutokatika.

Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Gaudensi Lupembe, mtu mwenye sauti nzuri ambaye hakuwahi kuitumia kusema jambo fupi. Aliwaeleza wajumbe, gizani, kwamba mataifa yote makubwa yanajua ni wimbo upi unaotambulisha kizazi kipi, na kwamba ni fedheha kwa Jamhuri kuwa na kizazi kizima kinachotembea barabarani bila wimbo rasmi. Kazi ya Kamati ilikuwa kuuchagua wimbo huo. Wananchi wangeshirikishwa kikamilifu, alisema, mara tu uchaguzi utakapokamilika.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kizazi chenyewe. Sheria ya Vizazi inasema kwamba kizazi cha sasa ni watu wote waliozaliwa baada ya kuwekwa jiwe la msingi la Bwawa Kuu la Umeme na kabla ya bwawa hilo kuzinduliwa. Jiwe liliwekwa miaka thelathini na mitatu iliyopita. Bwawa halijazinduliwa. Kwa hiyo, kisheria, mwalimu wa shule ya msingi, mwanafunzi wake, na mtoto atakayezaliwa kesho ni kizazi kimoja, na wimbo mmoja unapaswa kuwatosha. Mjumbe mmoja aliuliza kama isingekuwa rahisi zaidi kulizindua bwawa. Mjumbe huyo sasa ni balozi wetu katika nchi yenye baridi kali.

Ugumu wa pili ulikuwa nyimbo. Waraka ulipelekwa katika mikoa yote kuomba mapendekezo, na mikoa yote isipokuwa mmoja ilipendekeza nyimbo za kumsifu Waziri, zilizotungwa baada ya waraka kufika. Waziri alizisikiliza zote. Alisema unyenyekevu unamzuia kuchagua hata mojawapo, kisha akanyamaza ili abembelezwe. Wajumbe, kwa kuuheshimu unyenyekevu wake, hawakumbembeleza. Nyimbo zikarudishwa zilikotoka.

Ukabaki mkoa mmoja, ambao jibu lake lilichelewa kwa sababu waraka ulikuwa umepotea njia. Kichwa chake kilisema: WIMBO WA KIZAZI. Katika lugha yetu neno kizazi lina maana mbili: watu waliozaliwa katika kipindi kimoja, na kile kiungo ambamo mwanamke hubeba mimba. Karani wa masijala ya mkoa alikuwa na mke aliyekuwa akitibiwa kizazi mwaka mzima. Aliichagua maana aliyoijua vizuri zaidi, akagonga muhuri, na waraka ukaenda hospitali ya wilaya ya Mtamba, wodi ya wazazi.

*

Wodi ya wazazi ya Mtamba ilikuwa chini ya Bi Stamili Kapera, mkunga wa miaka mingi, mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Aliusoma waraka akiwa amesimama. Uliuliza mambo matatu: ni wimbo upi unaotambulisha kizazi kuliko nyimbo nyingine zote, huimbwa na nani, na Serikali ifanye nini kuuendeleza. Alimwambia mwenzake kwamba ama Serikali imerukwa na akili, ama imezipata, na kwamba kwa vyovyote vile ni heri ijibiwe kabla haijabadilika.

Akajibu. Wimbo, aliandika, ni ule ambao wauguzi wa Mtamba huwaimbia wazazi umeme ukikatika:

Usisukume bado, mama,
usisukume bado.
Taa iko njiani, mama,
taa iko njiani.

Wimbo huo una kazi maalumu. Umeme ukikatika mama akiwa kitandani, muuguzi mmoja hukimbia kuvuka barabara hadi kwa muuza chipsi, ambaye ana taa ya betri, na kuiazima. Aliyebaki huimba ili mama apumue taratibu na asisukume mtoto mahali ambapo hakuna anayeona. Beti ni tatu, kwa sababu huo ndio urefu wa kwenda kwa muuza chipsi na kurudi. Siku akiwa na wateja wengi huongezwa ubeti.

Kwa swali la tatu, Serikali ifanye nini, Bi Stamili aliandika: "Ituletee jenereta, ili tusiuimbe tena."

Hakuandika sababu, kwa kuwa waraka haukuuliza. Sababu ilikuwa binti yake, Tausi. Mtoto wa kwanza wa Tausi alizaliwa katika wodi hiyo, umeme ukiwa umekatika na muuza chipsi akiwa amefunga kwa ajili ya msiba. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingo. Hilo lilionekana taa ilipofika. Aliyekuwa akiimba ni Bi Stamili. Sasa Tausi alikuwa na mimba ya pili, ya miezi saba.

*

Jibu la Mtamba lilisomwa mbele ya Kamati na Katibu wake, Bwana Faraji Mtumbuka, kijana nadhifu aliyepata kazi hiyo kwa sifa ya kutowahi kumkatiza mkubwa yeyote. Wajumbe walitarajia kucheka. Katibu alisoma ubeti wa kwanza kwa sauti ya kusoma, akaufikia wa pili, na ikatokea bila kupangwa kwamba aliuimba. Aliacha kwa aibu, akasema hajawahi kufundishwa wimbo huo na hajui ameutoa wapi. Wajumbe wawili vijana walikuwa wameanza kuitikia.

Uchunguzi mfupi ulithibitisha mambo yafuatayo. Wauguzi huhamishwa, nao waliuchukua wimbo wa Mtamba na kuupeleka katika wodi karibu zote za Jamhuri. Tangu jiwe la msingi la bwawa liwekwe, umeme umekuwa ukikatika zaidi ya kuwaka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kizazi husika iliusikia wimbo huo kabla ya kusikia jina la mama, la nchi, au la Waziri. Kosa la karani wa masijala halikuwa kosa. Maana mbili za neno kizazi zilikuwa zimekutana mahali pamoja, juu ya kitanda kimoja, gizani.

Mjumbe wa usalama alionya kwamba wimbo unataja kukatika kwa umeme, jambo ambalo halipo. Waziri aliinua mkono.

"Ndugu wajumbe," alisema, "ninyi mnasikia giza. Mimi nasikia neno moja: bado. Kizazi kingine kingesukuma. Hiki chetu kimeambiwa bado, na kimekubali. Ni kizazi gani duniani kimeanza kuvumilia kabla hakijazaliwa? Tumekuwa tukitafuta falsafa ya taifa kwa miaka mingi, kumbe inaimbwa na wakunga."

Kura zilipigwa. Wimbo ulipita bila kupingwa. Kwa swali la tatu Kamati ilikubali ombi la Mtamba la jenereta moja, likatangazwa redioni mchana ule ule, bila maneno yaliyofuata baada ya neno "jenereta".

*

Bi Stamili aliitwa Wizarani kutia sahihi ya kukubali marekebisho. Alimkuta Katibu peke yake.

"Shikamoo, mama," alisema Katibu.

"Marahaba. Mtumbuka yupi wewe? Wa Felista, aliyekuwa akishona karibu na posta?"

Katibu alikiri.

"Nilikupokea mimi. Ulitanguliza miguu." Alimtazama kuanzia kwenye viatu. "Tangu siku ile hutaki kuona unakokwenda."

Katibu alicheka kwa kiasi kinachoruhusiwa ofisini, akamweleza kuhusu marekebisho. Mwanasheria Mkuu alikuwa amegundua kwamba neno "mama" linawaacha nje wananchi wa kiume. Mahali pake pamewekwa "mwananchi". Neno hilo lilizidi silabi mbili, na bendi ya jeshi ilikuwa imeagizwa kuzisubiri.

"Huyo mwananchi naye ana mimba?" aliuliza Bi Stamili.

"Ni kwa maana pana, mama."

"Mwanangu, mimi kazi yangu ni kushona vilivyopanuka kupita kiasi. Niambie ya jenereta."

Katibu alisema jenereta imeshanunuliwa na itakabidhiwa na Waziri siku ya uzinduzi wa wimbo. Alipoulizwa siku hiyo ni lini, alitaja tarehe. Bi Stamili alihesabu kwa vidole, si kwa haraka. Ilikuwa wiki ileile ya Tausi kujifungua. Alitia sahihi, mwananchi na silabi zake, akaondoka na basi la mchana.

*

Katika wiki zilizofuata wimbo ulienea kwa kasi ambayo umeme haujawahi kuipata. Bendi ya jeshi iliupiga kwa matarumbeta. Wanafunzi waliuimba wakisubiri madawati. Askofu mmoja na shehe mmoja walikubaliana hadharani kwamba subira ni njema, na walipigwa picha wakikubaliana. Wizara ilianzisha Wiki ya Bado, ambayo iliongezwa muda.

Matumizi yaliyofaulu zaidi yalikuwa ya foleni. Mtumishi fulani mwenye kipaji aligundua kwamba maneno "usisukume bado" yanafaa pia kwa watu waliosimama mstarini. Spika zikafungwa katika foleni za vitambulisho, za dawa, na hasa katika foleni ya ghala la mahindi la mkoa, iliyokuwa ndefu kuliko zote. Ghala hilo lilikuwa na mahindi. Jambo hilo halikubishaniwa na upande wowote. Panya waliotoka walionekana wanene. Kilichokuwa hakijapatikana ni kibali cha kulifungua geti. Watu walishinda pale na kulala pale, na spika ziliwaimbia, usisukume bado, mwananchi, na kwa taarifa za polisi wenyewe, hawakusukuma. Spika hizo ziliunganishwa moja kwa moja na redio ya taifa ili wananchi wa foleni wasipitwe na hotuba.

Mtamba, jenereta ilifika kabla ya siku yake. Ilishushwa uani, chini ya dirisha la wodi, ikawekwa juu ya jukwaa la saruji na kufungwa utepe wa rangi za taifa. Bi Stamili alitafuta fundi, naye akauunganisha waya kwenye taa za wodi na kuupitisha dirishani hadi chini, ukiwa na plagi yake, umbali wa hatua moja kutoka kwenye jenereta. Tausi, aliyekuwa akija kila siku kumletea mama yake chakula, alisema sasa mama amekuwa msanii, na akauliza kama siku yake ikifika atatozwa kiingilio.

"Wewe utaingia bure," alisema mama yake. "Utatoka na taa."

Siku iliyofuata kilisimikwa kibao karibu na jukwaa: HIFADHI YA GIZA. URITHI WA TAIFA. USIWASHE.

Bi Stamili alimpigia simu Katibu. Katibu alieleza kwa upole kwamba Kamati Ndogo ya Uhifadhi ilikuwa imekaa. Wataalamu walibaini kuwa wimbo huzaliwa pale umeme unapokatika, na si penginepo. Kuunganisha jenereta kungeharibu mazingira asilia ya wimbo. Kwa kuwa jenereta ilishatangazwa, itatolewa. Kwa kuwa wimbo umeshachaguliwa, jenereta haitawashwa. Itaitwa jenereta ya heshima. Aidha, muuza chipsi ataelekezwa asiazime taa kabla ya ubeti wa tatu kwisha.

"Mama, elewa," alisema Katibu. "Giza likifa, wimbo unakufa."

"Na mtoto akifa?"

Katibu alisikika akifunua karatasi.

"Hilo halikuwasilishwa kwenye Kamati," alisema Katibu.

*

Bi Stamili alifanya kilichobaki. Alipanga Tausi akajifungulie hospitali ya misheni, ng'ambo ya daraja, ambako kuna umeme wa jua na masista wasiopenda muziki. Teksi iliagizwa. Uchungu ulimwanza Tausi alfajiri ya siku ya uzinduzi, na teksi ikafika daraja la mto ikakuta limefungwa kwa ajili ya msafara wa Waziri, ambao ungepita jioni. Dereva aliwaeleza askari hali ya abiria wake. Askari alichungulia ndani ya gari, akampa Tausi pole, akamweleza kwamba ana amri, kisha akaimba mstari mmoja wa wimbo wa kizazi. Inaaminika alikusudia wema. Teksi iligeuka na kumrudisha Tausi Mtamba.

Maafisa wa itifaki walimpokea kwa furaha isiyo na kifani. Ratiba ilikuwa na kipengele cha "mama halisi", na mama halisi aliyekuwa ameandaliwa, mke wa diwani, alikuwa amejifungua jana yake kwa kukosa nidhamu. Tausi aliwekwa kitanda cha karibu na dirisha. Bi Stamili alibandikwa maikrofoni ndogo kwenye kola ya sare yake, kwani ndiye angeongoza wimbo. Alisema hana haja nayo. Waliijibu sauti yake, si maneno yake: walisema inasikika vizuri sana.

Siku hiyo umeme haukukatika. Uliwaka tangu asubuhi bila kutikisika, jambo ambalo Mtamba haikulikumbuka, kwa sababu Waziri anakuja. Itifaki ililiona tatizo mapema. Afisa mmoja alisimamishwa kwenye swichi kuu ya hospitali na amri mbili: akate umeme Waziri akiinua mkono wa kulia, na aurudishe akipokea maandishi yenye sahihi ya Waziri, baada ya ubeti wa tatu.

Waziri alifika saa moja jioni, giza likiwa linaingia lenyewe. Viti vilikuwa uani. Gari la redio ya taifa, lenye umeme wake, liliegeshwa karibu na jikoni, na matangazo yakaenda hewani nchi nzima. Katibu Mtumbuka alipangiwa kusimama kando ya jenereta na kuulinda utepe, ambao Waziri peke yake ndiye angeukata, kwa mkasi uliokuwa juu ya mto wa hariri mikononi mwa afisa tarafa.

Hotuba ilichukua muda wake. Waziri alisema kwamba kizazi kisichojua kusubiri hakijui kinachosubiri. Watu walipiga makofi polepole, wakitafakari. Ndani, Bi Stamili alitokeza kichwa dirishani na kumwambia Katibu kwa sauti ndogo kwamba Tausi yuko tayari, na kama hotuba ina mwisho, basi uletwe. Sauti hiyo ndogo ilisikika nchi nzima. Waziri alitabasamu, akainua mkono wa kulia.

Umeme ukakatika. Makofi yalipigwa, ya kweli safari hii, kwani hili watu walilifahamu. Bendi ikaanza. Wauguzi, kwa mazoea, wakaanza. Ua mzima ukaitikia: usisukume bado, mwananchi. Muuza chipsi alionekana ng'ambo ya barabara amesimama na taa yake, kando yake polisi.

Ubeti wa kwanza uliimbwa wote. Bi Stamili alikuwa akiimba na mikono yake ikifanya kazi. Katikati ya ubeti wa pili aliacha kuimba. Alisema kwa mwenzake, na kwa Jamhuri nzima, kwamba kichwa kinakuja na kwamba anagusa kamba shingoni.

Kisha aliita nje. "Mheshimiwa, taa."

Waziri aliinama kuelekea dirishani kwa heshima kubwa. "Tuvumilie kidogo, mama yangu. Bado ubeti wa tatu."

"Tausi, pumua," alisema Bi Stamili. "Usisukume."

"Mama," alisema Tausi, "usiniimbie."

Hayo ndiyo maneno pekee ya Tausi yaliyorekodiwa. Bendi iliendelea, ikizisubiri silabi zake mbili. Bi Stamili hakuweza kuondoka kitandani. Alichukua mkasi kwenye trei kwa mkono mmoja, mkasi wa kukatia vitovu, akaurusha dirishani. Ulianguka miguuni pa Katibu.

"Wewe uliyetanguliza miguu," alisema. "Kata huo utepe. Chomeka waya. Vuta kamba."

Bwana Faraji Mtumbuka alikuwa na historia ya kutii amri. Kwa miaka mingi amri zake zilikuja zikiwa na rejea, aya na viambatisho. Hizi zilikuwa tatu, na zote zilikuwa fupi. Mashahidi wanakubaliana kwamba alimtazama Waziri, na kwamba Waziri alitikisa kichwa. Hawakubaliani kama gizani aliweza kukiona. Katibu aliokota mkasi, akaukata utepe wa taifa, akachomeka waya, akavuta kamba. Jenereta haikuwaka. Akavua koti, akalitundika juu ya kibao cha Hifadhi ya Giza, akavuta tena kwa mikono yote miwili.

Wimbo rasmi wa kizazi ulikatika katika ubeti wa pili kwa sababu ya kelele za jenereta. Taa za wodi ziliwaka. Waliokuwa uani waliona kivuli cha Bi Stamili ukutani kimeinama, kisha wakaona mkono mmoja unapita shingoni na kuzungusha kitu kwa uangalifu, kama mtu anayemvua mtoto fulana ya kubana.

"Imetoka," alisema. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, maneno ambayo wauguzi wa Mtamba huyasema kila mara taa inapofika, ila hayakuwa yamewahi kuchukuliwa kuwa sehemu ya wimbo:

"Sasa. Sukuma, mwanangu. Sukuma."

Maikrofoni ilikuwa bado kwenye kola. Fundi wa redio anasema hakupewa amri ya kuizima. Maneno hayo yalitoka katika redio za nyumbani, katika spika za foleni ya vitambulisho, iliyokuwa tupu kwa sababu ya saa, na katika spika za foleni ya dawa, ambako walinzi wawili waliinuka vitini. Yalitoka pia katika spika za foleni ya ghala la mahindi la mkoa, ambayo haikuwa tupu. Sauti ilikuwa ileile ya wanawake wa wodini ambayo kizazi chote kiliwahi kuitii mara moja, na iliyarudia maneno hayo mara kadhaa, kama kazi ile inavyotaka.

Mtoto ni wa kike. Alizaliwa saa mbili kasoro dakika kumi na mbili usiku na alilia mwenyewe. Mkasi uliokata utepe ulirudishwa wodini na Katibu, ambaye aliambiwa auweke mbali kwani haujachemshwa. Kitovu kilikatwa kwa mwingine. Waziri alikuwa bado ameshika kalamu, akitafuta karatasi ya kuandikia amri ya kurudisha umeme.

Saa mbili kamili taarifa ya habari ilianza. Wakati huo geti la ghala la mahindi lilikuwa limelala chini, upande wa ndani, likiwa na bawaba zake zote.